Mwanzi wa Mama Tusekile

Mlioniuliza kwenye grupu kuhusu ule mwanzi niliopigwa nao picha stendi, jibu ndilo hili, na ni refu. Yule aliyeandika "Mwajuma kaenda Tukuyu karudi na fimbo ya kuchungia mbuzi" nimemwona, na nitamshughulikia tukikutana. Mwanzi wenyewe umenipita urefu. Ndani ya basi ulivunja kifuniko cha taa, na kondakta akaniita majina ambayo mama yangu hakunipa. Sikuuachia. Hivi ninavyoandika uko nyuma ya mlango wa chumba changu.

Nina hasira, nawaambia mapema, anayetaka hadithi ya kupoza moyo akasome kwingine.

Wengi wenu kazi yangu mnaijua juu juu tu, kwamba "Mwajuma anapima milima". Mimi ni mjiolojia wa uhandisi. Naangalia ardhi inayotaka kuporomoka kabla haijaporomoka. Masika iliyopita mteremko mmoja juu ya Mpuguso, wilayani Rungwe, ulipasuka ufa mrefu juu kidogo ya nyumba sita. Watu wakahamishwa, wakaenda kubanana kwa ndugu zao. Tulifunga kifaa cha kisasa cha kupima ufa, betri yake ikaibiwa hata mwezi haujaisha. Basi nikapigilia vigingi viwili vya chuma, kimoja juu ya ufa na kimoja chini yake, katikati mita mbili kamili. Nikamwomba mama mmoja wa pale, Mama Tusekile, awe anaviangalia kila Jumamosi na kunitumia ujumbe. Vikiachana, ujue mlima unashuka. Hesabu ya mtoto wa darasa la pili.

Kila Jumamosi simu yangu ililia: "Mita mbili. Ndaga fijo." Ndaga fijo ni asante sana kwa Kinyakyusa. Miezi ikapita, mita mbili. Ofisi ikafurahi, tena ikafurahi kupita kiasi, ikataka taarifa ya kusema mteremko umetulia na watu warudi makwao. Nikasema hakuna kuandika chochote mpaka niende nikaone kwa macho yangu, na mvua zilikuwa zinakaribia. Hiyo ndiyo safari yangu.

Dodoma mpaka Makambako

Gari la ofisi lilikuwa "linatumika". Jamani, nimefanya kazi pale miaka yote hiyo sijawahi kusikia gari la ofisi halitumiki. Nikapanda basi na bomba langu refu la plastiki lenye vifaa, na begi la mgongoni.

Mpaka Iringa nilikuwa mtu mwema. Baada ya hapo dereva akaanza kusimama kila penye kitunguu. Mara nyanya, mara mkaa, mara anashuka kusalimia mjomba. Karibu na Makambako kitu kikalia chini ya gari, ka! Tukasimama. Fundi akaingia chini, akatoka, akaingia tena, akatoka anacheka. Nikamwuliza anacheka nini. Akanijibu, "Dada, hiki kifaa hakipo Makambako." Yaani kwake hilo lilikuwa jambo la kuchekesha! Tukalala pale. Chakula kilikuwa wali na maharage yaliyopikwa na mtu aliyekuwa na haraka, na kitanda sitakisimulia.

Kwenye basi, pembeni yangu alikuwa mwalimu wa sekondari anayefundisha Tukuyu, mtu wa Musoma. Aliniona nahesabu saa, akaniambia polepole, "Dada, mlima si unakungoja?" Nikamwambia huo ndio wasiwasi wangu, kwamba haungoji. Akanimegea karanga zake.

Uyole mpaka Kiwira

Kesho yake mchana basi likatushusha Uyole. Sikutaka kungoja tena kitu chochote, nikaomba lifti kwenye Fuso lililokuwa linarudi tupu kubeba ndizi. Dereva wake anaitwa Gwakisa, kijana mwenye kofia ya sufu na mdomo usiopumzika. Alilitazama lile bomba langu, akalitazama tena, akapandisha gia.

"Dada, dhahabu au makaa?"

"Wala."

"Sawa, siri ya kazi."

"Siyo siri. Napima nyufa."

"Ndiyo, nyufa ndimo inamokaa dhahabu."

Nilimweleza kuanzia mwanzo. Nikamweleza kuhusu udongo wa majivu ya volkano ulivyo mzito ukinywa maji, na jinsi mlima unavyoweza kushuka kidogo kidogo halafu siku moja ukaja wote. Alinisikiliza kwa adabu kabisa. Tulipofika Kiwira akasimamisha gari kwenye mgahawa, akatangaza kwa sauti, "Huyu dada ni wa madini, mpeni kiti kizuri!"

Loo! Nilikuwa sijamaliza kunawa mikono, mbele yangu yalikuwa yamepangwa mawe manne. Mzee mmoja alikuwa na lake ndani ya soksi. Mwingine akanivuta kando, akaninong'oneza kwamba shamba la shemeji yake usiku linawaka. Mama mwenye mgahawa aliniletea mbalaga, ndizi za kupika na nyama, sahani imejaa mpaka inamwagika, na parachichi zima juu. Nikajua kabisa ile nyama si yangu, ni ya mtu wa madini. Nikaila. Nilikuwa na njaa, na hasira nayo inakula.

Nilipomaliza nikasimama nikawaambia, "Ndugu zangu, mawe yenu ni ya kawaida. Ila kuna mtu hapa ana ufa shambani?" Walitazamana. Wakakusanya mawe yao mmoja mmoja, na mama akaja kuniuliza kama parachichi lile nitalilipia. Nilikasirika njia nzima. Mtu anajua kila jiwe la shamba lake linalong'aa, lakini ukimwuliza kuhusu ardhi iliyopasuka anaona umemletea mkosi.

Makandana

Tukuyu ilinipokea kwa ukungu na baridi ya kuingia kwenye mifupa. Nilipata chumba Makandana, nikaacha mizigo, nikaenda moja kwa moja kwa afisa anayehusika na maafa ili kesho yake tupande pamoja. Nilimkuta anakunywa chai ya maziwa. Akanikaribisha vizuri, akaagiza na yangu, akatabasamu.

"Mmetusaidia sana nyie wataalamu. Wale watu walikuwa wanatusumbua kila siku. Sasa wamesharudi."

"Wamerudi wapi?"

"Kwao. Tangu wiki iliyopita. Si mmetuletea muhtasari kwamba mteremko umetulia?"

Kikombe kilinitoka mkononi, chai ikanimwagikia sketi. Niliomba radhi, nikatoka nje, nikampigia Mkubwa wangu Dodoma. Nitamwita Mkubwa, jina lake halina faida kwenu. Nikamwuliza nani kapeleka muhtasari ambao mimi sijausaini. Akasema ni yeye, kwa sababu wilaya ilikuwa inasukuma. Nikapandisha sauti barabarani mpaka wauza mandazi wakageuka. Nikamwambia amerudisha watu chini ya ufa bila mtu kwenda kuuona. Alingoja nimalize, kisha akaniambia kwa utaratibu, "Mwajuma, takwimu ni zako. Mita mbili uliandika wewe."

Nikakata simu. Kilichoniuma zaidi ni kwamba aliongea kweli. Nikajiambia labda kweli mlima umetulia, na nikaomba iwe hivyo. Halafu nikaanza kufikiria jambo ambalo nilipaswa kulifikiria miezi mingi nyuma. Hakuna ardhi duniani inayotoa namba ileile kila wiki. Hata ikiwa haisogei, mkono wa mpimaji hutetereka, futi huvutwa vibaya. Mita mbili, mita mbili, mita mbili, na mimi nilifurahi nayo kwa sababu ilikuwa inanipunguzia kazi.

Juu ya Mpuguso

Asubuhi afisa hakutokea, alikuwa na kikao. Nikapanda peke yangu. Mama Tusekile alinipokea uani kwake, uwanja umefagiwa mpaka unaona mistari ya ufagio, migomba imepangwa mstari, kuni zimekatwa urefu mmoja. Ni mama wa makamo, mfupi, mwenye kilemba cheupe, na ndiye anayepanga wanakwaya kanisani. Alinishika mikono yote miwili.

"Mwanangu, ulilalaje? Na nyumbani? Na baridi ya jana?" Salamu zake haziishi, na mimi nilikuwa na haraka.

Tulipanda pamoja mpaka kwenye vigingi. Vilikuwa vimesimama wima, vimepanguswa, nyasi zimeng'olewa pande zote. Nikatoa futi ya chuma. Mita mbili. Kamili, hata nywele haizidi. Moyo wangu ulitulia kwa muda wa kupumua mara moja, halafu nikautazama ufa.

Mwaka jana niliondoka pale ufa unaingiza kiganja changu. Sasa niliuvuka kwa hatua ndefu. Mgomba mmoja ulikuwa umepasuka shina, nusu huku nusu kule. Na kigingi cha chini, ambacho mimi nilikipigilia hatua nzuri kutoka kwenye ufa, kilikuwa kimesimama ukingoni kabisa, udongo wa shina lake mbichi, umeshindiliwa kwa kisigino.

"Mama, nani amegusa hiki kigingi?"

"Mimi," akasema, tena kwa fahari. "Hakuna mtu mwingine anayethubutu."

"Umekifanya nini?"

"Nakirudisha. Kila Jumamosi. Ardhi ya hapa ni korofi, inakivuta kwenda chini. Mimi nakitoa, nakirudisha palepale ulipokiacha wewe, nashindilia, nakutumia ujumbe."

Nilikaa chini kwenye umande. Niseme ukweli, neno la kwanza lililonijia mdomoni lilikuwa baya, na nilikuwa nimeshalifungulia mdomo. Mama Tusekile akawahi kunieleza, maana aliona sielewi. Kwao huko kwenye miteremko mvua ikisogeza kijiti cha mpaka, jirani mwungwana hukirudisha mahali pake bila kuitwa. Ukikiacha kilipoangukia ili shamba lako liongezeke, wewe ni mwizi, na kanisani watu watakuangalia. Mimi nilimwachia chuma changu na kumwambia, "Mama, hivi visisogee. Vikikaa mita mbili sote tuko salama." Maneno yangu hayo, nayakumbuka. Sikumwambia kingine. Siku ile gari lilikuwa linapiga honi barabarani, wenzangu wanataka kuwahi Mbeya, saruji ya kukazia vigingi tuliisahau, na mimi nilikuwa nimemkasirikia dereva. Nilimpa dakika tano mama wa watu, nikamkabidhi nyumba sita.

Nikaanza kulia kwa hasira, hasira yangu mimi mwenyewe. Yeye akadhani nalilia vigingi.

"Usilie, gwe mwana, mwanangu wewe. Hakuna kilichopotea. Nimekuwekea vyote." Akashuka mpaka nyumbani kwake, akarudi na mwanzi.

Alikuwa ameukata siku ileile niliyoondoka, maana futi yangu niliondoka nayo. Kwenye mita mbili alizungusha alama nene kwa moto. Kila Jumamosi aliulaza toka kigingi hadi kigingi, na kabla hajakirudisha cha chini, alikata alama kwa kisu pale ardhi ilipokuwa imekifikisha. Kwa nini? "Ili ukija unione kuwa sikukirudisha kwa kubahatisha. Kitu cha mtu lazima ujue umekitoa wapi."

Nilipitisha kidole juu ya zile alama. Za mwanzo zilikuwa zimebanana kwenye ile ya moto, unene wa ukucha. Za kiangazi karibu hazionekani. Halafu zinaanza kuachana. Kidole kimoja. Vidole viwili. Ya mwisho, ya Jumamosi iliyopita, vidole vinne kwa wiki moja, na mvua kubwa hata haijaanza. Nikazijumlisha kwa futi mara tatu, kila mara napata karibu urefu wa mkono wangu mzima. Mlima ulikuwa unashuka, na unaongeza mwendo. Mwaka mzima taarifa sahihi kuliko zote nilizowahi kupata ilikuwa imeegemezwa ukutani jikoni kwa Mama Tusekile.

Nilimweleza. Safari hii nilimweleza taratibu, kuanzia mwanzo, nikiwa nimeshika mkono wake. Alisikiliza, akatazama chini kwenye mabati ya nyumba ya tatu. Pale anakaa mwanawe Ipyana, na mkewe, na mtoto mchanga.

"Yesu wangu," akasema. Akachukua mwanzi, akatangulia kushuka.

Nyumba sita

Ipyana alikuwa juu ya paa anapigilia mabati aliyoyang'oa mwaka jana. Nilimsalimia, nikamwambia kwamba inabidi watoke, leo hii. Hakushuka. Akanitazama na misumari mdomoni, akaitoa mmoja mmoja.

"Mlikuja mkatuambia tutoke. Tukatoka. Mke wangu kajifungulia kwenye korido ya watu. Mkatuambia turudi. Tukarudi. Sasa mnatuambia tutoke. Sisi ni ng'ombe?"

Nami hasira ikanipanda. Nikamwambia muhtasari ulipelekwa na Mkubwa, mimi sikusaini, wilaya ndiyo iliyosukuma, betri iliibiwa palepale kijijini kwao. Yote kweli tupu. Mama Tusekile alinitazama tu, naye angeweza kabisa kutajwa na mimi kwenye ile orodha, akawa anangoja nimtaje. Nikanyamaza katikati ya sentensi.

"Nilikosea mimi," nikasema. "Mama yako alifanya kazi yake. Mimi sikumweleza. Namba niliyowapa ilikuwa ya uongo bila mimi kujua, na nilipaswa kujua."

Ipyana akashuka ngazi. Alisimama mbele yangu, mrefu, ana vumbi la bati usoni.

"Andika."

"Niandike nini?"

"Hayo uliyosema. Kwa mkono wako, na jina lako. Karatasi ya kuturudisha ilikuja na muhuri. Ya kututoa nayo ije na mtu."

Nikaketi kwenye kigoda, nikaandika nyuma ya fomu yangu ya kazi. Kwamba mimi Mwajuma, mjiolojia, nilikosea. Kwamba mteremko unashuka na unaongeza mwendo. Kwamba watu wasikae kwenye nyumba hizi. Nikasaini. Alisoma mara mbili, akaikunja, akaitia mfuko wa shati, akaingia ndani. Alitoka na godoro kichwani, nyuma yake mkewe na mtoto.

Mnadhani imeisha? Majirani walikuwa wamekusanyika, na kila mmoja akataka yake. Karatasi ya Ipyana ni ya Ipyana. Nikaandika sita, neno kwa neno, nilikosea, nilikosea, nilikosea, mpaka kiganja kikakaza. Mama Tusekile alisimama pembeni akiwaonyesha alama za mwanzi, na nawaambia, hakuna aliyebishana na mwanzi. Mvua ilianza wakati nyumba ya mwisho wanafunga mlango kwa kamba.

Kurudi

Siku nilipoondoka alinipa mwanzi niende nao, yeye akakata mwingine. Saruji nilinunua Tukuyu, tukakazia vigingi vyote viwili, matope mpaka viwikoni. Nikamwambia, sasa mama, vikisogea uviache. Akanijibu kwamba amesikia, nisirudie kama anayemfundisha mtoto.

Ofisini nililaza mwanzi juu ya meza ya Mkubwa. Aliondoa kikombe chake kwanza. Akasema hii si takwimu, ni mti. Akasema zile karatasi sita nimeandika bila idhini, nimeidhalilisha ofisi, na anataka maelezo kwa maandishi. Nikamwambia maelezo yapo, sita, yako Mpuguso. Barua ya nidhamu nimeshaipata. Muhtasari wake mpaka leo hajaufuta. Basi nikachukua mwanzi wangu nikatoka, na mwenye kuutania aendelee.

Nilikuwa nimeishia hapo. Asubuhi hii Mama Tusekile kanipigia, na si Jumamosi. Akaniuliza nimelalaje, na nyumbani, na mama yangu, na kazi. Mimi nimeshika ukuta. Nikamjibu yote, sikumkatiza hata mara moja.

"Watu wote ni wazima," akasema. "Ipyana yuko hapa, anakusalimia. Nyumba yake haipo, wala ile ya jirani yake. Ardhi imeshuka alfajiri, mpaka mtoni."

Nikaketi sakafuni, simu sikioni.

"Na kigingi cha chini nimekiona," akasema. "Kiko kule chini kwenye matope, kimelala na saruji yake. Sijakigusa, mwanangu."